Siku Ambazo Hazikuchorwa

Zaina mwanangu,

Desturi inataka nianze kwa kusema kwamba mimi ni mzima na hofu ni juu yako tu. Siwezi. Uko hapo nyuma ya ukuta, nasikia sauti yako ukibishana na mama yako mdogo Asha juu ya kanga ya kufungia mzigo, na mimi si mzima hata kidogo. Tangu adhuhuri nimefukuzwa nyumbani mwangu mwenyewe. Kila nikichungulia mlangoni, yupo mwanamke wa kuniambia, "Baba Zaina, haya mambo ya wanawake, tupishe." Nimewapisha. Nimekuja kukaa huku nyuma, kwenye ghala la mahindi, nimegeuza debe kuwa meza, nina karatasi nilizonunua dukani na penseli ninayoichonga kwa kisu. Kuku wananitazama kama mtu aliyepotea njia.

Habari za kuamka mapema, kupika kwa wakati na kumtunza mume sitakuandikia. Hayo unayapata huko ndani kwa wingi, hata nakuonea huruma. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni hesabu ya siku.

Tangu mfunge ndoa, kabla ya Ramadhani, mumeo amekuwa akija na kurudi mkongeni. Leo asubuhi alikuja kunisalimu, kama mkwe mwenye adabu anavyotakiwa. Tukazungumza habari za lori la kesho, kwamba litaondoka hapa Handeni alfajiri na likijaliwa litawafikisha Korogwe kabla ya jua kuwa kali. Nikamwuliza, kwa kuuliza tu, lini mtarudi kutusalimu. Rashidi akanijibu kwa heshima, macho chini, "Si mbali, mzee. Vipande sita tu. Vikijaa sita nitamleta mwenyewe."

Nikaweka kikombe chini nikaondoka. Nilikwenda mpaka shambani bila jembe. Baadaye nimesikia mnanong'ona kwamba nimekasirika, kwamba labda sikuridhika na kanzu aliyoniletea. Mwambie kanzu ni nzuri, ingawa fundi alimpimia mtu mwenye kitambi. Sikukasirika. Niliogopa, Zaina. Maneno yale yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyewahi kuyasema, na niliyasema vivyo hivyo, kwa adabu na kwa furaha, nikidhani nimesema kitu cha maana.

Kwamba mama yako Mwantumu alifariki siku uliyozaliwa, hilo unalijua tangu ukiwa mdogo. Kwamba watu husema nilimwacha na uchungu nikaenda kukata mkonge, hilo nalo nadhani umelisikia. Kuna siku ulirudi kutoka kisimani na ndoo nusu, ukaitua, ukanitazama sana, na hukuuliza kitu. Ungeuliza ningekujibu. Basi leo nakujibu, maana kesho unakwenda kuishi kambini kule kule, na mumeo anahesabu kama nilivyohesabu mimi.

Mimi nilitoka Songea nikiwa kijana, na wenzangu wengi, tukaletwa kwa lori na kwa gari moshi mpaka mkonge wa Korogwe. Tulipofika kila mmoja alipewa kipande. Utakiona mkononi kwa Rashidi: ni kadi yenye vyumba thelathini. Ukimaliza kazi yako ya siku, mafungu yako yote ya mkonge yakatimia, nyapara anachora chumba kimoja. Ukipungukiwa na mafungu hachori, na siku hiyo imeliwa. Ukilala na homa hachori. Mvua ikizidi kazi ikasimama hachori. Jumapili hachori. Vyumba vyote thelathini vikijaa unalipwa, unapewa kadi nyingine, unaanza upya.

Sasa mtu akiishi miaka namna hiyo, anasahau kwamba ipo hesabu nyingine. Kambini tulihesabu kila kitu kwa vipande. Mtoto wa jirani ana vipande vinane. Fulani aliondoka vipande vitatu vilivyopita. Deni la nguo ni mpaka kipande kijae. Nami nilikuwa na kiburi kidogo, kwa kuwa kwetu nilisoma mpaka darasa la pili, na katika nyumba zetu zile mimi ndiye niliyeitwa mtu akitaka kujumlisha. Nilijua mwezi una siku thelathini. Kipande kina siku thelathini. Mtu angenibishia ningemcheka.

Mama yako nilimpata hapa hapa Handeni. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa akileta mahindi kuuza kambini, na siku moja akaja na binti yake amsaidie kupima. Alinipunja, huyo binti. Nikamwambia umenipunja. Akaniambia, "Basi hesabu mwenyewe, wewe si ndiye msomi?" Nikahesabu punje za pishi nzima mbele ya watu, na yeye amekaa anacheka. Ndiyo posa yangu ilivyoanza. Nilisilimu, na jina langu la Yakobo likawa Yakubu, wala sikuona tabu kulizoea. Bibi yako hakunipenda wala hakunichukia. Kwa Wazigua mkwe mwanamume na mama mkwe hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Akitaka kuniambia jambo alimwambia mama yako nami nipo nje ya mlango, nasikia kila neno, halafu mama yako anatoka kuniambia tena kama mtume.

Mwaka ule, Ramadhani ilipokwisha, tulikuja kusalimia Idi. Mama yako alikuwa amefunga mwezi mzima bila kula hata siku moja. Mimi nilimsifu kwa uchaji wake. Bibi yako yeye alielewa mara moja, kwa kuwa mwanamke kijana ana siku zake asizofunga, wala hafungi mwezi mzima ila kwa sababu. Nikiwa nje ya mlango nikamsikia akisema, "Mwambie mumeo, kuanzia mwezi huu ulioandama ahesabu miezi sita, kisha akulete hapa. Mtoto wa kwanza unamzalia kwangu. Sitaki ukazalie kule kwenye miiba." Mama yako akatoka, amejifunika uso kwa kanga, anacheka na kulia kwa pamoja. Nikasema kwa sauti ili mama mkwe asikie, "Vipande sita tu. Vikijaa sita nitamleta mwenyewe."

Tulirudi kambini. Kesho yake nikapewa kadi mpya, nami nikaiona ni bahati, kwamba hesabu yangu imeanza safi.

Nisikilize vizuri hapa, mwanangu. Kipande cha siku thelathini hakikuwahi kunichukua siku thelathini. Kwa mtu mwenye afya ni wiki tano na zaidi. Kwangu, na homa zangu, na mvua, na siku zilizoliwa, kilikuwa kama siku arobaini. Nilijua hayo? Nilijua. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza kama nyapara huchora Jumapili, ningekwambia hachori. Lakini sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Kalenda ilikuwa imetundikwa ofisini kwa karani, nami nilipita mbele yake kila kipande kilipojaa, nikanyoosha mkono, nikapokea changu, nikageuka. Sikuitazama hata mara moja, kwa sababu nilikuwa na hesabu yangu.

Kadi ya kwanza ikajaa, ya pili, ya tatu. Mama yako alianza kuchoka. Nikamwambia umri wa mimba bado mdogo, jikaze. Ya nne ikajaa. Akawa hawezi kuinama kuokota kijiti. Akapita mzee mmoja muuza kuku, mtu wa hapa Handeni, na ujumbe wa Bibi yako: mwezi wa saba umeandama, mbona hamjafika? Nikamtazama yule mzee kwa kumhurumia. Nikamwambia, "Mwambie mama atulie. Vimebaki viwili, na kimoja nimekwisha kukianza." Mzee wa watu akaenda zake, na kwa kuwa alikuwa na mzunguko wa kambi nyingi, alikawia sana kurudi huku.

Jioni moja mama yako alikuwa amekaa mlangoni amenyoosha miguu, imevimba. Akaniambia, "Yakubu, tumbo limeshuka."

"Haliwezi kushuka. Bado."

"Nakwambia limeshuka. Nalisikia."

"Una hamu ya kwenda kwa mama yako tu."

Akacheka, maana ilikuwa kweli alikuwa na hamu. Akasema, "Tumbo halijui kusoma kipande chako." Tukacheka wote wawili. Zaina, nimeyakumbuka maneno hayo kila siku ya maisha yangu, na kinachoniuma zaidi si kwamba aliyasema. Ni kwamba tulicheka.

Ningeweza kumleta siku ile. Lakini kadi isiyojaa ilikuwa na muda wake. Ukiiacha ikapitwa, alama zote zilizomo zinapotea, kama hukufanya kazi. Sikutaka kuja kwa mama mkwe mikono mitupu. Nilitaka nije na kanga mpya, sukari, sabuni, nije kama mkwe anayejua wajibu wake. Wala sikumwacha kwa ukatili, kama watu wanavyosema. Nilidhani muda ninao. Nilikuwa nimeuhesabu.

Siku uliyozaliwa, asubuhi, zilibaki alama mbili. Mama yako hakulala vizuri. Aliniambia mgongo unamvuta. Nikamwita jirani yetu, mama mmoja Mmanyema, aje akae naye, nikasema nitakata upesi nirudi. Nilikata kama mwendawazimu. Miiba ilinichoma paja hata sikuhisi. Nyapara aliponichorea, jua lilikuwa limepita utosini kidogo tu, nikarudi mbio.

Nilikuta wanawake wamejaa ndani na mganga wa kambi amesimama nje, anafuta mikono. Hakunitazama. Wewe ulikuwa umezaliwa, umefungwa katika kanga, unalia kwa nguvu, mtoto mkubwa aliyekamilika, kucha zimekamilika, nywele zimejaa. Yule mama Mmanyema alinipa nikushike, akasema, "Huyu si wa miezi saba, baba. Huyu katimia." Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, nikiwa nimesimama mlangoni na wewe mkononi.

Damu haikusimama. Waliniruhusu niingie. Nilikaa kando yake, nikamwekea wewe kifuani. Alikuwa na baridi, na ilikuwa mchana wa jua. Akakushika kichwa. Akanitazama mimi, akaniuliza, "Wamekuchorea leo?"

Nikasema, "Wamenichorea. Imebaki moja."

"Basi ni kesho tu," akasema. "Keshokutwa twende kwa mama."

Hakusema neno jingine la kueleweka. Kabla ya magharibi alikuwa amekwenda.

Nimeacha kidogo kuandika. Mama yako mdogo amekuja kuniletea chai, akaona uso wangu, akaweka kikombe akaondoka bila kunitania. Asha ni mtu mwema. Usisahau kwamba ni ziwa lake ulilonyonya.

Bibi yako alifika siku ya tatu. Muuza kuku alikuwa amerudi Handeni mwezi wa Mfungo Nane, wa nane tangu ile Idi, unakwisha, akampa jibu langu, na yeye hakungoja kupambazuke. Alikuja kwa miguu na kikapu kichwani, ndani yake kunde na unga wa uji wa mzazi. Alikutana na habari njiani, karibu na Korogwe ya zamani, kwa watu waliokuwa wakivuka mto. Kwa hiyo alipofika kwangu alikuwa amekwisha kulia. Watu walikuwa wamekaa matanga. Akaingia ndani, akaja moja kwa moja, akakaa juu ya jamvi nililokalia mimi, goti lake karibu na goti langu, akanitazama usoni. Mkwe na mama mkwe, jamvi moja.

"Nionyeshe," akasema. "Ulihesabu vipi?"

Nilidhani ananitukana. Akasogeza kikapu. "Chukua kunde unionyeshe. Mimi sijui vipande vyenu."

Nikatoa kunde. Nikapanga fungu la kwanza, thelathini. La pili, thelathini. Mafungu matano, na la sita pungufu ya moja. Nikamwambia, kila punje ni siku. Akayapitia mafungu yale kwa kidole, moja moja.

"Na Jumapili?"

"Jumapili hatufanyi kazi, mama."

"Siku ulizougua?"

"Hazichorwi."

"Za mvua?"

"Hazichorwi."

Hakunikemea. Miandamo minane alikuwa ameihesabu mwenyewe; alitia mkono kapuni, na pembeni ya kila fungu akaweka kunde kumi, akizihesabu kwa Kizigua, polepole, kama anamfundisha mtoto. Mafungu sita, kumi kumi. Kisha akazionyesha kwa kidole zile alizoziongeza, siku sitini, miezi miwili kamili, akaniuliza, "Na hizi, mkwe, mtoto alikuwa wapi?"

Halafu akazikusanya kunde zote, zangu na zake, akaenda jikoni akazipika, akaniletea, akakaa hapo hapo mpaka nikala. Sijui kama ilikuwa huruma au adhabu. Nadhani hata yeye hakujua. Kisha akakubeba wewe mgongoni, tukapanda lori kuja Handeni, nami sikurudi. Nyapara alikuwa ameniambia nirudi siku moja tu, kipande kijae, nilipwe haki yangu. Nilimwambia sina haki yoyote pale.

Lile swali lake nimekaa nalo tangu wakati huo, na jibu ninalo siku nyingi ingawa sikuwahi kumpa. Ulikuwa unakua, Zaina. Ulikua hata Jumapili. Ulikua nilipokuwa natetemeka na homa na mama yako ananikanda kwa maji. Siku moja ilinyesha tangu usiku, mkonge wote umezama katika ukungu, milima ya Lutindi haionekani, kengele ya kazi haikulia, tukakaa ndani tunachoma mahindi, mama yako anaimba nyimbo za kwao na kunifundisha maneno ya Kizigua na kunicheka ulimi wangu. Nilikuwa na furaha siku ile. Haikuchorwa popote. Hizo sitini ndizo siku nilizokaa na mke wangu. Hizo nyingine zote alikuwa nazo nyapara. Nikazihesabu za nyapara, za mke wangu nikaziacha nje, kama hazikuwa siku.

Ndiyo maana nimekuwa mtu wa kuudhi katika mambo ya tarehe. Unanicheka, najua, kwamba nina kalenda ya Kizungu ukutani na bado natoka nje kutazama mwezi, na kwamba mimi na Bibi yako hatuishi kubishana juu ya umri wako. Yeye anasema umepita miaka kumi na tisa, kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi. Mimi nasema kumi na tisa hujafika. Wote wawili tuna haki, tumehesabu siku zile zile. Lakini jana niliketi nikafanya hesabu ya tatu, ya kijinga. Nilizichukua siku zako zote, elfu sita na mia nane na kitu, nikazigawa kwa vipande vyangu vile vya zamani, na vipande kumi na viwili nikavifanya mwaka, kama tulivyokuwa tukifanya kambini. Ukatoka na miaka kumi na minne. Nikafurahi, mwanangu. Nikajiambia, kumbe bado mtoto mdogo, haozeki huyu, ana miaka mingi ya kukaa na mimi. Ni mara ya kwanza hesabu ile kunipa kitu kizuri, na ni uongo vilevile.

Sasa nifike nilikokuwa nikikuzungukia. Juzi Bibi yako alikuja kukaa na mimi hapa nyuma. Tangu zile kunde, mimi na yeye hatuna ukwe tena, tunakaa kama ndugu. Akaniambia jambo ambalo baba haambiwi. Akasema, "Zaina kafunga Ramadhani nzima. Hakula hata siku moja."

Usione haya. Wala usije ukaniuliza, wala nisikuulize. Ndiyo sababu nakuandikia. Kama ni uchaji tu, Mungu aupokee. Kama ni lile jingine, Mungu alilinde. Lakini Idi imepita juzi tu, mwezi ni mchanga, na Rashidi amekwisha kusema vipande sita.

Rashidi si mtu mbaya. Nimemtazama sana kabla ya kumkubalia. Ana bidii, ana soni, anakupenda mpaka anajikwaa akikuona. Mimi nami sikuwa mtu mbaya. Nilimpenda mama yako kuliko macho yangu. Hilo ndilo linalonitia hofu. Angekuwa mlevi au mkorofi ningejua la kufanya, ningekuzuia. Nitamzuiaje kijana anayetaka tu kujaza kadi yake ili aje kwa wakwe na sukari?

Utazoea kuhesabu kama wao. Utasema haiwezekani, lakini wiki mbili hazitaisha. Kila mtu pale atauliza kipande kimefika wapi, na wewe utauliza. Sikukatazi. Ila mwili wako usiuhesabu hivyo. Mwili hauna Jumapili. Ukisikia kitu mwilini na mtu mwenye hesabu nzuri akakwambia bado, hata akiwa ni mume unayempenda, hata kama mtacheka pamoja, amini mwili.

Kaburi la mama yako liko upande wa barabara ya Makuyuni, nje kidogo ya kambi, mahali ambapo mkonge unaishia na unaiona milima. Niliweka mawe matatu. Sijakanyaga pale tangu siku ya lori, na usiniulize kwa nini, najua kwa nini. Nenda ukamsalimu. Nenda Jumapili. Mwambie umeolewa. Mwambie mama yake bado yu hai, bado mbishi. Kuhusu mimi mwambie unavyoona wewe.

Nami nimeamua hivi, na Bibi yako ni shahidi. Mwezi nautazama kutokea hapa, ni ule ule mtakaouona nyinyi huko. Mfungo Mosi ndio huu. Mfungo Sita ukiwa unakwisha nitapanda lori, nitavuka mto, nitaingia kambi ile kwa miguu yangu, ila kwanza nitapita kwenye mawe matatu. Sitakuja na sukari. Nitakuja mikono mitupu, kama nilivyopaswa kuja kwa mama mkwe zamani zile. Mumeo atakuwa mkongeni. Anaweza kuwa amebakiza alama kumi, anaweza kuwa amebakiza moja. Atakapokuja baadaye kutufuata, nitamkalisha kwenye jamvi langu na kumwonyesha kwa kunde.

Ukiniona mlangoni, usimngoje, na usiulize imebaki alama ngapi. Funga mzigo wako, mwanangu, twende kwa Bibi.

Baba yako,
Yakubu